Waya Uliokatika Msimu wa Palizi

Kabula mwanangu,

Saa hizi uko Kiloleli unamuaga shangazi yako, nami nimekaa mlangoni na kalamu yako uliyoiacha juu ya kabati. Utarudi kabla jua halijazama, kwa hiyo nina mchana huu tu. Nimewafungia ndama, nimepeleka maji, sina kazi nyingine ya kujisingizia. Nyumba iko kimya. Nadhani inajifunza kukaa hivyo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tunaishi chini ya paa moja. Haya ninayotaka kusema nimejaribu kuyasema mara nyingi, na kila mara niliishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za kutunza kifaa chako cha kusikia. Kopo la kukaushia unyevu, betri za akiba, kukaa mbali na zile mashine za hospitali zenye sumaku kubwa, hayo unayajua kuliko mimi. Wala sitakuambia kwamba Mbeya, huko chuoni, kuna baridi. Na mambo ya wavulana, najua shangazi yako ameshayasema leo, tena kwa sauti ambayo hata bila kifaa ungeisikia.

Nataka kukusimulia mambo ambayo mengine uliyaona lakini hukuyasikia, na mengine hukuyaona kabisa.

Ulikuwa darasa la tatu ulipotoka shule ukisema shingo inakuuma. Jioni ulikuwa unaungua. Tukakupeleka Bariadi, na Bariadi wakatupeleka Mwanza, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Siku nyingi hukututambua. Halafu asubuhi moja ukafumbua macho. Mama yako alikuwa amekaa kitandani anakusugua miguu huku akiimba kwa Kisukuma, polepole. Ulimtazama, kisha ukamwuliza, "Mayu, mbona mnanong'ona?"

Hakuna aliyekuwa ananong'ona. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anagombana na ndugu zake, na nje jenereta ilikuwa inanguruma. Mama yako hakuacha kuimba. Alinitazama mimi, akaendelea kuimba hadi wimbo ukaisha, na ndipo akatoka nje.

Mimi niliporudi nyumbani nilikaa tu. Mama yako ndiye aliyeanza kazi. Hakuwa amemwona mtu yeyote akitumia lugha ya ishara, hakujua kama kuna shule za hiyo lugha. Alianza tu na vitu vya humu ndani. Maji akayafanya hivi, ng'ombe hivi. Pamba ilikuwa ngumi inayofunguka taratibu. Mimi nilikuwa mkono unaovuta ukingo wa kofia. Shangazi yako alikuwa kiganja kinachofunguka na kufumba bila kupumzika, na ulipoiona ishara hiyo mara ya kwanza ulicheka, na ndicho kilichokuwa kicheko chako cha kwanza tangu hospitali. Kila siku iliongezeka moja au mbili. Ulipokosa neno ulimvuta kanga, akakutungia.

Daktari wa Mwanza alikuwa ametuambia tusikae. "Homa hii ikipita huacha mfupa ukijijenga ndani ya sikio," alisema. "Mkichelewa, hata pakitokea msaada, hakutakuwa na nafasi ya kupitisha waya." Babu yako alisikia hivyo, akaenda zizini kutoa ng'ombe wa kuuza, na hakurudi kuuliza swali. Kanisa likachanga, wafadhili wakamalizia. Tukafika Dar es Salaam, wakakupasua nyuma ya sikio wakaweka walichoweka, wakashona, wakaturudisha nyumbani tusubiri kidonda kipone. Unakumbuka uligusa pale palipovimba ukaniuliza kwa mikono, "Mbona bado?" Nilikujibu kwa mikono, "Bado hakijawashwa." Nilikuwa najibu kitu nisichokielewa.

Tuliporudi kukiwasha, tulimkuta yule dada mtaalamu wa usikivu, mwembamba, mpole. Nilikuwa na wasiwasi mmoja tangu upasuaji na nilimtolea.

"Dada, betri ya ndani ikiisha, mtampasua tena?"

"Ndani hakuna betri, baba."

"Sasa kinafanya kazi na nini?"

Alichukua ile koili, kile kiduara kidogo unachobandika juu ya sikio, akaniwekea kiganjani. "Hiki kinakaa nje. Chini ya ngozi kuna kingine kama hiki, na vina sumaku ili vijue kukaa sambamba. Umeme wa betri unapita kwenye cha nje, unageuka huku na kule haraka mno, kwa masafa ya redio. Hapo unazaa nguvu ya sumaku, nayo inavuka ngozi. Cha ndani kinaipokea kinaigeuza kuwa umeme tena. Kinapata chakula chake hapo, na sauti inapita hapo hapo."

"Kwa hiyo ni kama redio. Hata akiwa mbali?"

"Hapana baba. Redio inakwenda mbali. Hii haiendi mbali. Ukikisogeza upana wa kidole tu, kimya."

Akakuwekea. Akabonyeza kompyuta. Wewe ukapiga kelele, ukaking'oa, ukakimbilia mapajani kwa mama yako ukificha kichwa. Mimi nilidhani wamekuharibu. Yule dada alitabasamu tu, akasubiri, akakuwekea tena kwa sauti ndogo. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nilikuuliza kama unanisikia. Ulikunja uso. Ukasema, "Baba, unaongea kama redio iliyokosa stesheni." Ndiyo, ilichukua miezi mingi hadi nikawa baba tena kwenye kichwa chako. Mama yako alikaa na wewe kila asubuhi akitaja vitu, kijiko, sufuria, jogoo, akificha mdomo kwa mkono ili usimwibie midomo.

Katika kipindi hicho ndipo niliposhupaa. Tuliambiwa tuongee nawe sana, na mimi nikaona kwamba mikono itakufanya mvivu wa kusikia, nikapiga marufuku ishara humu ndani. Mama yako hakubishana nami, aliendelea nazo nikitoka. Na wewe, usiku mmoja wakati wa chakula, nilipokuwa nakukazania useme "naomba mboga" kwa sauti, ulikivua kifaa, ukakiweka kando ya ugali wangu, ukafunga mikono kifuani ukanitazama. Mama yako alicheka hadi akaondoka mezani. Nilibaki na kile kidude na ugali unapoa. Nilijifunza hapo kwamba ile koili haikuletwa ili mimi niwe na kamba ya kukuvuta nayo. Kesho yake niliomba mboga kwa mikono.

Kwa kweli hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na furaha, na sikujua. Nilikuwa nahangaikia betri. Umeme ulikuwa haujafika huku kwetu, nikawa nakwenda Lagangabilili na baiskeli kuzichaji dukani, nikilalamika njia nzima. Leo umeme upo, swichi iko hapa ukutani nyuma yangu, na ningeipenda ile njia.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Waya unaotoka kwenye mashine ya nyuma ya sikio kwenda kwenye koili huchoka pale unapojikunja. Tulikuwa na wa akiba, tukautumia. Huo wa pili nao ukaanza kukata. Niliuzungushia gundi ya utepe ya mafundi umeme, ikawa ukigeuka kushoto unasikia, ukigeuka kulia husikii. Halafu ukafa kabisa. Hospitali wakasema umeagizwa nje ya nchi, tusubiri. Kifaa kikakaa kwenye kopo, sisi tukarudi kwenye mikono, na kwa kuwa tulikuwa tumezoea hatukuona kama ni msiba. Mashamba yalikuwa yamejaa majani, ilikuwa palizi.

Siku ile sikuwa shambani. Nilikuwa nimeambiwa huenda kuna kifurushi kimekuja na basi, nikaenda Lagangabilili kuulizia. Hakikuwepo. Mlikuwa wawili, wewe mbele kwa sababu unapalilia haraka, mama yako nyuma yako. Ulifika mwisho wa mstari, ukageuka, ukamwona amelala katikati ya pamba.

Yaliyofuata unayajua kwa macho. Nikuambie yale ya masikio, maana hakuna aliyewahi kukusimulia. Ulipiga kelele. Mama wa jirani, yule mwenye shamba la mtama ng'ambo ya kijito, aliniambia alidhani ni mwanamume mzima anaita. Alisema hajawahi kusikia sauti kubwa hivyo ikitoka kwa mtoto. Watu watatu walitupa majembe wakakimbia kukufuata. Wewe hukuisikia sauti yako, ndiyo maana ulidhani hukufanya kitu. Nakumbuka ulinionyesha baadaye: ulisimama, ukaangusha mikono, ukatikisa kichwa. Kwamba ulisimama tu. Mwanangu, hukusimama tu. Ulileta kijiji.

Tulimfikisha Bariadi kwa gari la kuazima. Hakufumbua macho tena, akafa siku ya pili yake. Walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani.

Nilikukuta umekaa kwenye benchi la hospitali na shangazi yako. Alikuwa amefunika uso kwa kanga ili usimwone mdomo. Ilibidi niseme mimi. Nikachuchumaa mbele yako, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama yako alitutungia neno la karibu kila kitu, lakini hilo hakututungia. Nilifanya ishara yake yeye, ile ya kujifunga kilemba. Nikasita. Nikaifanya tena. Halafu nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya magoti, ikakaa hapo. Uliitazama, ukingoja iendelee. Ulingoja muda mrefu. Haikuendelea, na ukaelewa.

Msibani akina mama walikuwa wanasema, "Mtoto halii." Mimi nilikuwa nawasikia. Nilitaka kuwaambia kwamba mtoto hajui kama kuna kilio humu ndani, anaona midomo imefunguka tu, na mmoja aliyekuwa anamwelezea mambo ndiye aliyelala pale. Sikuwa na nguvu ya kumwelekeza mtu kitu.

Waya ulifika tukiwa tunavuna pamba. Ulikuwa kwenye bahasha ndogo, mwepesi kama uzi wa kiatu. Uliunganisha mwenyewe, ukabandika koili, kitaa kikawaka. Nilisimama mlangoni nikiogopa kusema chochote. Ukasema, "Baba, sema jina la mama."

"Minza."

"Tena."

"Minza."

Ulinisemesha hadi sauti yangu ikakatika. Ndipo ukalia, na kwa sauti, mbele ya magunia ya pamba, miezi baada ya watu wote kumaliza kulia. Ulipotulia ukaniuliza, "Aliniita?"

Nikakujibu, "Hapana." Nilijibu haraka sana, kama mtu anayekanyaga cheche ya moto. Hukuuliza tena.

Kabula, sijui. Huo ndio ukweli, na ndiyo sababu ya karatasi hizi. Sikuwepo. Hakuna aliyekuwepo ila nyinyi wawili. Siku ile nilimfuata daktari kwenye korido nikamwuliza swali lile lile. Alisema, "Mshipa ukipasuka hivi mtu huanguka ghafla. Wengi hawapati hata nafasi ya kusema." Alisema wengi. Nimelala na neno hilo kwa miaka. Nikamwuliza la pili: kama mtu angegeuka mapema, angemkuta mapema? Akatikisa kichwa. "Hapana baba. Kwa kilichomtokea, hapana." Hapo hakusema wengi.

Kwa hiyo kama aliita, sitaweza kukuambia. Kwamba kuita kwake kungemwokoa, huyo daktari alisema hapana, nami namwamini, kwa sababu hakuwa na faida yoyote ya kunidanganya mimi mtu wa gumboti zenye matope. Na jambo moja nalijua bila kuambiwa na daktari. Mama yako ndiye aliyekufunga kitambaa kichwani asubuhi ile. Alijua kifaa kiko ndani ya kopo. Kama alitamka jina lako, alilitamka kwa sababu ndilo lililokuwa mdomoni mwake. Hakuwa anangoja jibu.

Ulianza kuuliza habari za koili baada ya hapo. Ulikuwa kidato cha pili, kisha cha tatu. Ukachukua ule waya uliokufa ukauchana kwa wembe uone ulikatikia wapi. Ukamganda mwalimu wako wa fizikia. Ukaleta nyumbani waya wa shaba wa mota iliyoungua ya fundi wa Lagangabilili, ukauzungusha kwenye vifuniko vya ndoo, mizunguko na mizunguko, hadi vidole vikawa vyekundu.

Siku uliyotuonyesha shangazi yako alikuwa amekuja. Unajua alichokuwa anasema tangu msiba. Alikuwa na mtu aliyemwambia kwamba kitu chenye sumaku kichwani mwa mtoto kinaita vitu visivyoonekana, na kwamba Minza hakufa bure. Aliniambia mara mbili nikutafutie mtu wa kukitoa. Sikumfukuza, ni dada yangu, lakini tulikuwa hatukai vizuri.

Uliweka vifuniko viwili mezani. Kimoja umekiunga na betri na vile vidude ulivyopewa na mwalimu, kingine kina kitaa tu, hakijaungwa na chochote. Ukavisogeza karibu, kitaa kikawaka. Shangazi yako akarudi nyuma na kiti chake.

"Umeme umepita wapi?" akauliza.

"Hapa katikati, shangazi."

"Hapa hakuna kitu."

"Baba, lete mkono," ukaniambia.

Nikaleta. Ukauweka mkono wangu kati ya vile vifuniko, kiganja chini. Kitaa hakikuzimika. Niliutazama mkono wangu huu wa jembe, na mwanga mwekundu juu yake, na sikuhisi kitu chochote, hata joto.

Shangazi yako akaniuliza, taratibu, kama anavyoongea kanisani, "Unaumia?"

"Siumii."

"Kinakuita kitu?"

"Dada, sihisi chochote."

Ukamwambia, "Hivyo hivyo ndivyo inavyopita kwangu. Ukikiondoa inazima, na ndani kunabaki kitu kinacholala tu." Ukavitenganisha, giza. Ukavirudisha, mwanga. Hakutia mkono wake, alikataa. Lakini aliporudi mwezi uliofuata alikuwa amekushonea kile kitambaa cha kichwa chenye mfuko mdogo wa kushika koili isidondoke ukiwa unapalilia. Hakusema kitu kuhusu mtu wake tena. Umekivaa leo kwenda kwake, nimeona.

Nakumbuka siku ile kwa sababu ya uso wako. Ulikuwa unacheka. Hukuwa unathibitisha kitu, hukuwa unamlipa mtu. Kitaa kiliwaka na wewe ukafurahi kwamba kimewaka.

Sasa nikuambie nilichosikia mwezi uliopita, ulipopata nafasi ya chuo na wageni wakaja kukupongeza. Waliuliza utasomea nini, ukawaeleza, umeme na mawasiliano, na kwamba siku hizi zipo mashine ambazo koili na kila kitu viko pamoja, hakuna waya wa nje wa kukatika, na unataka siku moja zitengenezwe hapa hapa ili mtu wa huku kwetu Itilima asingoje bahasha kutoka nje. Wakapiga makofi. Ukamalizia, "Ili lisimtokee mtu mwingine." Wakapiga tena. Mimi nilitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilisikia sauti ya mtu anayekwenda kutumikia adhabu. Naijua kwa sababu nami nimeitumikia. Tangu siku ile, kila nilipopita pale basi linapoteremsha mizigo nilijiuliza ningekuwa wapi kama nisingekwenda kuulizia kifurushi. Nimepalilia ule mstari wa pamba mwenyewe kila msimu, sikumruhusu kibarua yeyote aushike, na hakuna hata mche mmoja ulioniambia inatosha. Nimechoka, Kabula. Nilikuwa mume mzuri kwa kiasi, nilikwenda kutafuta waya kwa sababu mtoto wangu alihitaji waya. Nimeanza kukubali hivyo, taratibu, si kila siku.

Wewe bado mdogo, unaweza kuanza kukubali mapema kuliko mimi. Nenda kajifunze koili kwa sababu ya ile siku ya vifuniko. Ukitengeneza isiyokatika, tutashukuru wote. Ukishindwa, au katikati ukapenda kitu kingine, mitambo ya meli, au kufundisha, au kushona, hutakuwa umemwacha mama yako amelala shambani. Yeye hayupo shambani. Mimi ndiye niliyemzika, najua alipo.

Kuna la mwisho, nalo ni la aibu kidogo.

Leo asubuhi, baada ya wewe kupanda gari, nilikwenda Bariadi kukata tiketi yako. Pale kwenye ofisi ya mabasi spika lilikuwa linapiga muziki mlangoni, mabasi yanaunguruma, na dada wa tiketi yuko nyuma ya kioo. Akaniuliza kitu, sikumsikia. Na mimi, bila kufikiri, nikamjibu kwa mikono. Mtoto wangu. Mmoja. Kesho. Ishara zetu za nyumbani, kama ninavyoongea na wewe jioni ukishavua.

Uso wake ulibadilika palepale. Akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa, JINA LA ABIRIA. Ningeweza kufungua mdomo. Sijui kwa nini sikufungua. Nilichukua kalamu nikaandika jina lako. Akatabasamu, akawafanyia watu ishara wanipishe. Mpiga debe mmoja akanishika kiwiko akanipeleka hadi kwenye benchi, akanikalisha, akanipigapiga bega. Akamwambia mwenzake juu ya kichwa changu, "Mzee wa watu, bubu masikini." Nilimsikia vizuri kabisa.

Walikuwa wema, siwezi kuwasema vibaya. Walinipa nafasi, walinipa benchi. Na baada ya hapo hakuna aliyenitazama tena. Nilikaa pale na tiketi yako mfukoni, watu wanaongea mbele yangu, pembeni yangu, na sikuwa mtu wa kuongea naye. Nilikuwa na mikono imejaa maneno na ndani ya Bariadi nzima hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuyasoma, kwa sababu aliyeyatunga amekufa na mwingine anayeyajua alikuwa njiani kwenda Kiloleli. Nikajua hivyo ndivyo ulivyokaa msibani. Nikajua pia kwamba kesho mimi nitakuwa hivyo, ila mimi nitaweza kuwasha redio.

Sikuandikii haya ili ubaki. Ukibaki nitakufukuza. Nakuandikia kwa sababu huko bwenini kila jioni utavua kifaa, na utakuwa katikati ya wasichana wengi wema watakaokupa nafasi na benchi. Usikubali wema huo ukuishie hapo. Tafuta mmoja. Mfundishe hii lugha yetu, hata kama unaona ni kitu cha nyumbani, cha sisi watatu. Nilikuwa nataka ibaki yetu, nilikuwa mchoyo nayo. Mpe. Akikosea mkono mcheke, kama mlivyonicheka mimi. Usiku umeme ukikatika bweni zima na wenzako wanatafutana kwa sauti, awepo mtu mmoja anayejua kukushika kiganja na kukuandikia humo kwamba ni umeme tu, lala.

Na kesho stendi. Basi likianza kuondoka najua utageukia dirishani unipungie, nami nitasimama. Ila usinipungie sana. Kutakuwa na mtu amekaa kiti cha pembeni yako. Mgeukie. Mwambie unaitwa nani, unakwenda wapi. Mimi nitakuwa nje ya kioo, sitasikia hata neno moja, nitaona tu mdomo wako ukiongea na mtu nisiyemjua, na basi likipinda nitarudi nyumbani.

Baba yako,
Masunja